Kitambi, Nyonga na Mkorogo: Unene Wako ni wa Aina Gani?

Mtu akirudi kwao kutoka mjini amekonda, wazee humvuta pembeni wakamuuliza kama anaumwa. Akirudi na kitambi anaambiwa amenawiri, mji umempenda, na kama ni bibi harusi wa mwaka jana, sifa zote anapewa mume kwa kumtunza. Sifa hizi zina historia yake. Miaka ya 1990, kabla dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI hazijafika kwenye zahanati zetu, kukonda kulimaanisha jambo moja tu machoni mwa majirani, na mwenye mwili alionekana amesalimika. Dawa zimekuja, lakini hofu ya kukonda haijatutoka.

Huku nyuma mizani imepanda. Nchini Tanzania, wanawake wa miaka 15 hadi 49 wenye uzito uliozidi au kiribatumbo, yaani unene uliokithiri, walikuwa asilimia 22 mwaka 2010. Utafiti wa kitaifa wa 2015–16 ukakuta wamefika asilimia 28. Kenya ilitoka asilimia 25 mwaka 2008–09 ikafika 33 mwaka 2014. Duniani kote, mwaka 2022 watu zaidi ya bilioni 1 walikuwa wanaishi na kiribatumbo. Wote hao hupewa ushauri uleule: punguza kula, fanya mazoezi. Ushauri si wa uongo, ila hutolewa kabla ya kuuliza mambo mawili ya msingi: mafuta yamekaa wapi mwilini, na yameletwa na nini? Mama mwenye nyonga kubwa, baba mwenye kitambi kigumu, binti aliyevimba uso kwa sababu ya krimu, na shangazi ambaye tumbo lake limejaa maji, wote wataitwa wanene mtaani. Ukiwapa dawa moja, utamsaidia mmoja na kumchelewesha mwingine.

Mzani, futi na uzi

Kipimo cha kwanza utakachokutana nacho kliniki ni BMI, yaani uwiano wa uzito na urefu. Chukua uzito wako kwa kilo, gawanya kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Dada mwenye kilo 82 na urefu wa mita 1.60 atazidisha 1.60 kwa 1.60 apate 2.56, kisha 82 gawanya kwa 2.56, jibu ni 32. Kuanzia 18.5 hadi 24.9 ni uzito wa kawaida. Kuanzia 25 uzito umezidi. Kuanzia 30 ni kiribatumbo, nacho kina ngazi tatu: 30 hadi 34.9, 35 hadi 39.9, na 40 kwenda juu.

Hesabu hii ilibuniwa karne ya 19 na Adolphe Quetelet, Mbelgiji aliyekuwa mtaalamu wa hesabu na takwimu za watu. Hakuwa daktari, na hakukusudia kumpima mgonjwa mmoja mmoja. Ndiyo maana mbeba mizigo wa Kariakoo mwenye misuli anaweza kupata 27 bila kuwa na tatizo lolote, na mzee aliyepoteza misuli akapata 24 ilhali tumbo limejaa mafuta. BMI haijui misuli wala mafuta. Inajua kilo na urefu tu.

Sasa mweke pembeni ya dada yetu mwanaume wa kilo 78 na urefu wa mita 1.72. BMI yake ni 26, amezidi kidogo tu, na anajiona yuko salama. Mzungushie futi ya fundi cherehani: kiuno sentimita 104. Kwa mwanaume, hatari ya kisukari na magonjwa ya moyo huanza kupanda kiuno kikifika sentimita 94, na kikizidi 102 hatari ni kubwa. Kwa mwanamke mipaka ni 80 na 88. Huyu bwana aliyeambiwa na mzani kwamba amezidi kidogo anaweza kuwa na hatari kubwa kuliko dada mwenye 32.

Kupima kiuno kuna namna yake. Simama wima, nguo juu. Papasa ubavu wa mwisho chini, kisha papasa sehemu ya juu ya mfupa wa nyonga. Katikati ya hapo ndipo futi inapopita, si pale mkanda wa suruali unapokaa, maana wengi wetu mkanda umeshashuka chini ya kitambi. Pumua kawaida, toa pumzi, soma namba. Usivute tumbo ndani, hakuna anayekuangalia.

Asiye na futi achukue uzi. Pima urefu wako wote kuanzia utosini hadi kisigino, kata uzi hapo, ukunje mara mbili, kisha uuzungushe kiunoni. Ncha zikikutana, kiuno chako hakijazidi nusu ya urefu wako, na hilo ni jambo jema. Zisipokutana, una sababu ya kwenda kupima presha na sukari.

Mafuta ya nje na mafuta ya ndani

Mwaka 1947 daktari wa Marseille, Ufaransa, aitwaye Jean Vague, aliandika kwamba wanene hawafanani. Wanaonenepa sehemu ya juu na tumboni, aliona, ndio wanaopata kisukari na magonjwa ya mishipa ya damu zaidi kuliko wanaonenepa nyonga na mapaja. Ilichukua miongo kadhaa watu kumsikiliza, lakini leo mgawanyo wake ndio msingi wa mambo mengi tunayoyajua.

Mafuta ya nyonga, makalio na mapaja hukaa chini ya ngozi. Ni akiba, na akiba yenyewe ni tulivu kiasi. Yakizidi sana yanachosha magoti na kiuno, lakini hayasumbui damu kama yale ya tumboni. Mafuta ya ndani ya tumbo ni mengine. Yanajibana nyuma ya misuli, kati ya utumbo, kuzunguka ini na figo. Kitambi cha namna hiyo ukikigonga ni kigumu, kimebetuka, na huwezi kukifinya kwa vidole kama unavyofinya mafuta yaliyo chini ya ngozi. Mafuta hayo humwaga asidi zake kwenye damu inayoelekea ini. Ini likijaa mafuta, homoni ya insulini inayopeleka sukari kwenye misuli hufanya kazi kwa shida, kongosho linalazimika kuizalisha kwa wingi, na baada ya miaka linachoka. Hapo ndipo kisukari cha aina ya pili kinapoingia.

Wanaume huweka mafuta ya ndani mapema. Wanawake hulindwa kwa kiasi na homoni zao hadi hedhi inapokoma, ndipo mafuta yanapoanza kuhama kutoka nyonga kwenda tumboni. Mama wa miaka 52 anayelalamika kwamba nguo za juu zinambana ilhali sketi ni zilezile hajaanza kula ovyo. Umri umebadilisha ghala.

Kuna dalili moja ambayo familia nyingi huiona na kuisoma vibaya. Ni weusi mzito wa ngozi nyuma ya shingo na kwapani, ngozi ikiwa nene na laini kama mahameli. Nimeona watoto wa shule wakisuguliwa shingo kwa dodoki hadi wanalia, wakiambiwa ni wachafu. Si uchafu. Mara nyingi ni ishara kwamba insulini imezidi mwilini, na mtoto huyo anahitaji kupimwa sukari.

Si kila tumbo kubwa ni mafuta

Kabla hujaanza kujinyima chakula, hakikisha kilichopo tumboni ni mafuta kweli. Wanawake wengi hubeba uvimbe kwenye kizazi kwa miaka wakidhani ni kitambi, hadi hedhi inapokuwa nzito kupita kiasi. Maeneo ya Kanda ya Ziwa na kwingine kwenye kichocho cha tumbo, ugonjwa ukikaa muda mrefu huharibu ini, bandama linavimba, na maji hujaa tumboni. Moyo na figo zilizochoka nazo huleta maji.

Tofauti unaweza kuanza kuiona mwenyewe. Bonyeza kwa kidole gumba sehemu ya mbele ya muundi, juu kidogo ya kifundo cha mguu, ushikilie kwa sekunde 10 hivi, kisha achia. Kikibaki kishimo, ni maji, si unene. Tumbo linalokua haraka ndani ya wiki chache huku mikono na uso vinakonda, au linaloambatana na kukosa pumzi ukilala chali, ni la kupelekwa hospitali wiki hii, si la kutafutiwa chai ya kupunguza.

Unene unatoka wapi

Chanzo kikubwa zaidi ni kile tunachokijua: nishati inayoingia ni nyingi kuliko inayotumika. Lakini kwa jinsi tunavyoishi mijini, huhitaji kuwa mlafi ili uzidishe. Tazama dumu la mafuta ya kupikia. Lita 1 ya mafuta ina kilokalori zaidi ya 8,000, kwa hiyo dumu la lita 5 ni zaidi ya 40,000. Nyumba ya watu wanne inayomaliza dumu hilo kwa mwezi inampa kila mtu karibu kilokalori 340 kila siku kwa mafuta peke yake, kabla hujahesabu wali, maharage wala chai. Na hayo ni mafuta ya nyumbani. Chapati za asubuhi pale kituoni na chipsi mayai za jioni hazimo. Hatua rahisi kuliko zote ni kuacha kumimina moja kwa moja kutoka dumuni. Pima kwa kijiko cha chakula. Kila kimoja ni kilokalori kama 120.

Sukari inafuata. Soda ya kola ya mililita 350 ina gramu kama 37 za sukari, sawa na vijiko 9 vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 50 kwa siku kutoka vyanzo vyote vya sukari ya kuongezwa, na nusu ya hapo ni bora zaidi. Soda moja na vikombe viwili vya chai ya maziwa vyenye vijiko vitatu vitatu, umeshapita. Juisi ya embe iliyotiwa sukari haikuokoi, hata kama embe ni la shambani kwenu. Bia nayo isisingiziwe peke yake: kitambi kinachoitwa cha bia mara nyingi kina nyama choma na ndizi za kukaanga ndani yake, na kiti ambacho hakikunyanyukiwa tangu saa kumi na mbili jioni.

Upande wa kutumia nishati nao umepungua. Unga unasagwa mashineni, maji yanafika bombani, na kilomita mbili za kwenda sokoni zimechukuliwa na bodaboda. Mwili uliozoea kutwanga na kutembea umebaki na hamu ileile ya chakula.

Kipindi ambacho sioni kikizungumzwa vya kutosha ni arobaini ya uzazi. Mzazi analazwa, anakandwa, analetewa uji wa pilipili manga, supu, na kwa Wachaga mtori. Ni desturi njema, na anayenyonyesha kweli anahitaji chakula zaidi, takriban kilokalori 500 kwa siku. Tatizo ni kwamba arobaini inakwisha lakini sahani haipungui, kwa sababu bibi na shangazi bado wapo na kila mmoja anataka aonekane ametunza. Mimba ya pili inaanza juu ya kilo za mimba ya kwanza ambazo hazikutoka. Ukiwa mama mkwe na unasoma hapa, endelea kumletea mtori, lakini baada ya arobaini mshike mtoto mchana nusu saa ili mzazi atoke akatembee.

Kuna watu ambao mizani yao ilianza kupangwa kabla hawajazaliwa. Uholanzi ilikumbwa na njaa kali majira ya baridi ya 1944–45, na vijana wa kiume ambao mama zao walikuwa katika miezi ya mwanzo ya mimba wakati wa njaa hiyo walikutwa na kiribatumbo zaidi ya wengine walipokua. Mwili uliofundishwa uhaba tumboni mwa mama huweka akiba kwa bidii unapokutana na neema. Kwetu hilo si hadithi ya mbali: utafiti wa 2022 ulikuta karibu watoto 30 kati ya 100 wa chini ya miaka mitano Tanzania wamedumaa, na katika nyumba nyingine mtoto aliyedumaa anaishi na mama aliyezidi uzito. Chakula cha kushibisha kipo. Chenye protini na madini ndicho hakipo.

Urithi pia upo, ingawa tunausingizia kupita kiasi. Jeni iitwayo FTO ndiyo iliyofanyiwa utafiti zaidi, na mtu aliyeirithi aina yake ya kunenepesha kutoka kwa baba na mama huzidi wenzake kwa kilo kama 3 tu kwa wastani. Zipo jeni nyingine nyingi na zikijumlishwa zina nguvu, lakini "sisi kwetu ni wanene" mara nyingi humaanisha pia kwamba sisi kwetu tunapika kwa sufuria moja. Tofauti ni watoto wachache sana ambao mwili wao hauna homoni ya leptini, iliyogunduliwa mwaka 1994, inayouambia ubongo kwamba akiba inatosha. Mtoto anayenenepa kupita kiasi kabla ya miaka mitano na anayetafuta chakula usiku na mchana, hata jalalani, asipigwe wala kuitwa mlafi. Apelekwe kwa daktari bingwa wa watoto.

Homoni nyingine hulaumiwa kwa haki na bila haki. Tezi ya shingoni inayofanya kazi polepole huongeza kilo chache, nyingi zikiwa za maji, pamoja na baridi mwilini, choo kigumu na usingizi. Haiongezi kilo 30. Vimbe ndogondogo kwenye mifuko ya mayai huleta kitambi kwa binti, hedhi inayoruka miezi, chunusi na ndevu. Na usingizi mfupi wa kila siku, wa mlinzi wa usiku au dereva wa masafa, huongeza homoni ya njaa na hamu ya vitu vitamu.

Unene wa dukani

Hili lina kichwa chake kwa sababu ni unene tunaoununua wenyewe. Kuna vidonge na dawa za maji zinazouzwa kwa siri kwa wanaotaka kunenepa au kuongeza makalio. Nyingi huwa na deksamethasoni, ambayo ni steroidi kali, au siproheptadini, dawa ya mzio inayoongeza hamu ya kula. Anayetumia huona mabadiliko haraka na kufurahi. Lakini steroidi haijui makalio: hujaza uso ukawa wa duara, huweka nundu ya mafuta chini ya shingo, hukuza tumbo huku mikono na miguu ikikonda, na ngozi ya tumbo inachanika michirizi myekundu au ya zambarau. Presha na sukari vinapanda, mifupa inadhoofika.

Mkorogo unaweza kufanya hivyohivyo. Krimu nyingi za kuchubua zina klobetasoli, steroidi ya kupaka yenye nguvu sana. Ikipakwa mwili mzima kila siku kwa miezi, hupenya ngozi na kuingia kwenye damu. Binti akashangaa kwamba anafunga kula na uso bado unavimba. Hapa kuna onyo ambalo ni muhimu kuliko mengine yote katika makala hii: aliyetumia steroidi muda mrefu, ya kumeza au ya kupaka, asiache ghafla. Tezi zake za juu ya figo zimelala, na kuacha kwa siku moja kunaweza kumwangusha presha hadi kifo. Daktari humpunguzia polepole.

Zipo pia dawa halali zinazoongeza uzito: insulini na glibenklamaidi kwa wenye kisukari, olanzapini kwa magonjwa ya akili, valproeti kwa kifafa, sindano ya uzazi wa mpango kwa baadhi ya wanawake, na dolutegraviri iliyomo katika kidonge cha kufubaza virusi vya UKIMWI (ARV) kinachotumika sasa, ambayo ongezeko lake la uzito limeonekana zaidi kwa wanawake. Hakuna hata moja ya kuachwa kwa uamuzi wa nyumbani. Mwambie mhudumu uzito umepanda kilo ngapi tangu lini. Mara nyingi kuna dawa mbadala, na pale ambapo hakuna, mlo hupangwa upya.

Ukiamua kupungua

Lengo liwe dogo. Kupunguza asilimia 5 hadi 10 ya uzito hushusha presha na sukari kwa kiasi kinachopimika. Kwa mwenye kilo 90 ni kilo 4.5 hadi 9. Mwili hautakubali kirahisi: ukipungua, hamu ya kula huongezeka na matumizi ya nishati hushuka, ndiyo maana kilo hurudi hata kwa watu wenye nidhamu. Anayerudisha kilo si mvivu. Anahitaji mpango anaoweza kuishi nao, kwa mfano mboga za majani nusu sahani, dona badala ya sembe, soda ziachiwe sherehe, na kutembea haraka dakika 150 kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano.

Chai za kupunguza tumbo zinazouzwa mitandaoni nyingi ni sanamaki. Zinaharisha, unapoteza maji, mzani unashuka Jumatatu na kupanda Alhamisi. Sindano za semaglutide ni dawa ya kweli, lakini mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu za bandia, kwa hiyo usinunue kwa mtu wa mtandaoni. Kwa wenye kiribatumbo, Hospitali ya Taifa Muhimbili, Mloganzila, huweka puto tumboni, na upasuaji wa kupunguza tumbo nao unafanyika nchini. Vyote vinadai kufuatiliwa kwa muda mrefu.

Ukienda kliniki, nenda asubuhi bila kula ili sukari ipimwe vizuri, na uombe kupimwa presha, lehemu na kiuno. Kama hedhi inaruka, sema. Kama unakoroma hadi mwenzako anahamia sebuleni, sema pia, kwa sababu pumzi inayokatika usingizini ina matibabu yake. Beba dawa zako zote kwenye mfuko, na ukiulizwa unatumia nini, krimu nayo itoe uiweke mezani.